Mshipa wa bandia ukiingia usaha, uacheni utolewe

Juzi usiku nimepokea ujumbe kutoka kwa msomaji wa Morogoro. Ameniruhusu niuweke hapa: "Shikamoo dada. Mama yetu anasafisha damu. Mkono wenye mshipa wa bandia umevimba na unatoa maji maji. Daktari anasema lazima autoe wote. Tulichanga ukoo mzima ili uwekwe, hata mwaka haujaisha. Kweli hakuna dawa ya kuuokoa?"

Niliusoma mara tatu, machozi yakanitoka. Maneno hayo hayo niliyasema mimi mwaka 2021, nimekaa mbele ya daktari, mkono unaniwaka moto.

Jinsi figo zangu zilivyofeli hadi nikawa nasafishwa damu kwa mashine nimeshaandika, sirudii. Mishipa yangu ya mikononi ilikuwa imechoka kwa kuchomwa dripu, na fistula ya kwanza, ile ya kuunganisha ateri (mshipa unaotoa damu moyoni) na vena (unaoirudisha) yako mwenyewe, iliganda kabla haijatumika. Ndipo nikawekewa mshipa wa bandia juu ya kiwiko cha kushoto. Ni mrija mweupe, laini, wa plastiki ya jamii ile inayopakwa kwenye vikaango visivyoshika chakula. Ncha moja inashonwa kwenye ateri, nyingine kwenye vena, na sindano za mashine zinaingia hapo katikati. Raha yake ni kwamba haukusubirishi: fistula inataka miezi miwili mitatu ikomae, mrija ndani ya wiki chache unatumika. Kaka yangu aliuza kiwanja chake cha Chanika ili niupate. Nilikuwa naushika usiku nausikia unavyotetemeka, nasema Alhamdulillah, huu ndio uhai wangu.

Mwezi wa saba likatokea gamba dogo pale sindano zilipozoea kuingia. Halikauki. Ukilibandua, chini yake panang'aa. Kituoni nilikokuwa nasafishia wakanipa vidonge vya antibaiotiki, homa ikashuka, nikafurahi. Wiki mbili baadaye natetemeka kwenye mashine mpaka meno yanagongana, nimefunikwa mablanketi mawili. Vidonge tena. Homa ikashuka tena. Raundi tatu hivyo, na hakuna aliyechukua damu yangu kuotesha vijidudu maabara. Hilo bado linaniuma, sitaficha.

Daktari bingwa wa mishipa ya damu nilipomfikia, alibonyeza kidogo tu usaha ukatoka. Akasema, "Mama, hiki kitu kitoke wiki hii." Nikakataa. Nikafikiria kiwanja cha Chanika. Nikaomba wiki mbili, nikakaa tano.

Usiku mmoja niliamka nikidhani nimelowa jasho. Kumbe ni damu, imeruka hadi kwenye neti. Usaha ulikuwa umekula mshono wa ateri. Binti yangu, kidato cha tatu, alikuja na taulo, taulo likajaa. Akalitupa, akaweka kidole gumba juu ya tundu lenyewe akakandamiza kwa nguvu zake zote. Hakukitoa ndani ya bajaji, hakukitoa mapokezi, mpaka daktari aliposema, "Sasa niachie mimi." Kidole kile ndicho kilichoniacha hai. Mwenye mrija mkononi awafundishe watu wa nyumbani kwake leo: kidole juu ya tundu, usirundike matambara yanayonyonya damu huku huoni inatoka wapi.

Walinitoa mrija wote usiku ule. Sehemu ya ateri iliyooza ikazibwa kwa kiraka cha vena kutoka mguuni kwangu, kwa sababu kuweka plastiki nyingine kwenye usaha ni kuanza upya ugonjwa ule ule. Asubuhi daktari alinionyesha kile kilichotoka. Kilikuwa kwenye bakuli la chuma, kimejikunja, na juu yake kuna ute wa njano kama wa samaki aliyelala. Akaniambia vijidudu hujijengea utando juu ya plastiki na kujificha humo. Nyama ina damu inayopeleka dawa, plastiki haina. Dawa inaua wanaoogelea kwenye damu, homa inashuka, wenyeji wanabaki ndani wanazaliana. Hapo ndipo nilipozielewa zile raundi tatu za vidonge.

Basi mdogo wangu, sikiliza. Kuna namna zaidi ya moja. Mrija ukiwa umeoza wote, au mgonjwa ana homa kali na damu imechafuka, unatoka wote. Wakati mwingine wanaacha kipande kifupi kilichoshonwa kwenye ateri, kama hapo ni pasafi, ili wasiijeruhi. Na ubaya ukiwa sehemu ndogo tu, wanaweza kukata hapo na kupitisha kipande kipya pembeni kwenye nyama safi. Muulize daktari wa mama kwa nini amechagua kutoa wote. Ni haki yenu kuuliza. Lakini muulize ili uelewe, usimuulize ili uchelewe kama mimi.

Mshukuru pia ni mkono. Nilipokuwa wodini nilijifunza habari za watu wenye mrija kwenye mshipa mkuu wa tumboni. Ule ukiingia usaha huwezi kuutoa tu ukafunga, miguu itakufa. Inabidi damu ipitishwe njia nyingine kutoka kwapani, chini ya ngozi, hadi mapajani, au mshipa mpya ushonwe kwa vena za mapaja ya mgonjwa mwenyewe. Sisi wa mashine mrija wetu ni njia ya ziada. Ukitolewa, kiganja kina damu yake.

Sidanganyi kwamba baada ya hapo ni mteremko. Kidonda kiliachwa wazi, hakikushonwa, kikasafishwa na kufungwa gozi kila siku mpaka nyama ikajaa kutoka chini. Vankomaisini, antibaiotiki ya kuchomwa mshipani, nilipewa kwa wiki sita, baada ya kusafishwa damu. Nilirudi kwenye katheta ya shingoni, ule mpira unaoingizwa kwenye mshipa mkubwa ili kusafishia damu, nayo ina hatari zake. Shemeji yangu alisema mbele ya watu kwamba pesa ya kiwanja imeishia kwenye ndoo ya hospitali. Kaka yangu hakusema neno, alikuja na uji.

Leo nina fistula mkono wa kulia, ya mishipa yangu mwenyewe, mwaka wa tatu huu. Naosha mkono kwa sabuni kabla ya kila sindano na simruhusu mtu kuchoma pale pale kila siku, awe nesi mgeni au mzoefu. Wananiona msumbufu. Osheni mikono. Gamba lisilokauka lionyesheni siku hiyo hiyo. Mkitetemeka kwenye mashine, ombeni damu ioteshwe kabla ya kidonge cha kwanza. Na wenye mrija wa zamani ulioganda, hautumiki, umesahaulika mkononi, nao mwambieni daktari ukitokea homa isiyo na sababu, kwa maana vijidudu hujificha humo pia.

Wewe wa Morogoro, mwambie mama akubali. Mchango mtachanga tena. Wakati mnasubiri tarehe, asilale peke yake chumbani, na anayelala naye ajue kidole kinawekwa wapi. Akishatoka chumba cha upasuaji niandikie, hata ikiwa usiku wa manane. Nitakuwa macho.