Kalkuleta ya mtandaoni inanipa jibu tofauti nikizidisha mabano, nitumie ipi?

SWALI: Shikamoo mwalimu. Mwanangu wa kidato cha pili kapewa (2x - 3)(x² + 4x - 5). Nimeandika kwenye kalkuleta ya mtandaoni 2x-3*x^2+4x-5 ikaleta -3x² + 6x - 5. Yeye kwa mkono kapata 2x³ + 5x² - 22x - 15. Nyuma ya kitabu wameandika 2x³ + 5x² - 22x + 15. Mtu wa tuisheni anatuuzia apu yake, anasema haikosei kabisa. Tuamini ipi?

JIBU: Marahaba mama. Kitabu kiko sahihi. Na kalkuleta yako nayo haijakosea, imejibu kile ulichoandika, na hapa ndo pananichosha manake naletewa picha za simu kila siku "mwalimu hii kalkuleta mbovu", nikiangalia mabano hamna! Mashine haijui ulikuwa unakusudia nini. Inafata MAGAZIJUTO ileile ya shule ya msingi (mabano, gawanya, zidisha, jumlisha, toa), kwahiyo bila mabano imechukua 3 peke yake ikazidisha na x² peke yake, halafu 2x ikajumlishwa na 4x, -5 ikabaki ilivyo. Andika (2x-3)*(x^2+4x-5) uone inavyobadilika.

Tena wapo wanaoweka mabano vizuri halafu wanatumia herufi x kama alama ya kuzidisha, wanaandika (x+2)x(x+3), mashine inaiona hiyo x ya katikati ni x kama zile nyingine, inatoa x³ + 5x² + 6x wakati jibu ni x² + 5x + 6, na mtu anakopi hivohivo kwenye daftari. Tumieni nyota jamani.

Mwanao amekosea sehemu moja tu. Kila kimoja cha mabano ya kwanza kinazidisha kila kimoja cha mabano ya pili, mbili mara tatu, yani vipande sita: 2x³, 8x², -10x, -3x², -12x, halafu cha mwisho -3 mara -5 ambacho ni +15, yeye kaacha hasi. Angeweza kujikamata mwenyewe bila simu. Aweke x = 2 kwenye swali: mabano ya kwanza yanatoa 1, ya pili 7, ukizizidisha unapata 7. Kwenye jibu lake anapata 16 + 20 - 44 - 15, yani -23, hapohapo anajua kuna kitu. Na ile ya kwako ilitakiwa uitilie shaka kwa kuiangalia tu, x mara x² lazima itoe x³, sasa jibu linaloanzia x² limetoka wapi?

Huyo wa apu isiyokosea msimpe hela. Hizi apu za kupiga picha zikisoma mwandiko vibaya, kale kaalama ka kutoa kakififia kidogo tu, zinaleta jibu safi kabisa na stepu zake zote, ila la swali lingine, na mtoto asiyejua kuhakiki atajuaje? Simu yenyewe kwenye chumba cha mtihani haiingii. Na hawahawa watu wa tuisheni ndo wanawafundisha watoto njia za mkato, kwamba (x + 5)² ni x² + 25, nakutana nayo mpaka kwa wa kidato cha nne, mtoto kameza hivyo miaka yote na hakuna aliyemwambia aweke x = 1 aone upande mmoja unatoa 36 na mwingine 26. Wazazi, ukisikia mtu anauza njia ya kuzidisha mabano bila kuzidisha kila kipande, mtoe mtoto hapo haraka.

Kalkuleta tumieni hiyohiyo ya bure mliyonayo, ila mwanao afanye kwa mkono kwanza, ahakiki kwa x = 2, simu iwe ya mwisho.