Mnaniuliza viatu, mimi nauliza maji

Juzi kijana mmoja wa Jinja ameniandikia: "Kaka, mwezi wa kwanza nataka kutembea nyika za Karamoja. Ninunue viatu gani?" Huyu ni wa nne kuniuliza viatu vya kwenda huko, kaskazini mashariki mwa Uganda. Maji hakuna aliyeniuliza.

Basi niseme jambo ambalo nimelificha, ingawa wenzangu wawili niliokwenda nao wameshalisimulia kwenye kila harusi.

Miaka mitatu iliyopita, kiangazi kimekolea, tulitoka mjini Moroto tukaufuata mto Omanimani. Ukisikia mto, usiwaze Nile. Miezi mingi ya mwaka ni mchanga mtupu unaochoma macho, na migunga kandokando. Mwenyeji mmoja alitaka shilingi elfu thelathini atuongoze. Aliyekataa ni mimi. Nilisema njia ya mto mtu hupoteaje?

Chapati zilichelewa, tukaondoka saa tatu asubuhi, kila mmoja na lita tatu. Saa saba chupa yangu ilibaki na mikupuo miwili. Kichwa kilinigonga, nikatapika chai, halafu, nasimuliwa maana mwenyewe sikumbuki, nikaanza kuuliza basi la Soroti linapita saa ngapi. Mwenzangu mmoja akanipiga picha. Bado ipo kwenye kundi letu la WhatsApp, na sijamsamehe.

Aliyeniokoa ni mvulana mchungaji, sidhani alifika miaka kumi na miwili. Alinitazama, akacheka kidogo, akasema, "Maji iko hapa chini." Akapiga magoti katikati ya mto, akafukua mchanga kwa kibuyu hadi mkono ukazama wote, maji yakaanza kuchuruzika. Kumbe tangu asubuhi tulikuwa tunayakanyaga! Wakanilaza chini ya mgunga, wakanimwagia kichwani na shingoni, nikanywa kidogo kidogo. Siku tatu zilizofuata nilizimalizia chooni, kwa kuwa ng'ombe nao hunywa pale pale, na vidonge vya kusafishia maji niliviacha mezani kwangu.

Sasa nisikilizeni, ndugu zangu. Kwenye jua lile mtembeaji anaweza kumaliza lita nzima kwa saa moja. Lita ni kilo, mgongo utalalamika, nawe utataka kupunguza. Usipunguze! Acha kamera, acha shati la pili, beba maji. Ondoka saa kumi na moja alfajiri, saa tano ikukute kivulini. Geuka urudi kabla maji hayajafika nusu, hata kama unakokwenda unakuona. Mwenyekiti wa LC1, yaani baraza la kijiji, ajue unaelekea wapi, na umuulize hali ya usalama, maana wizi wa mifugo hutulia ukarudi. Usilale kwenye mchanga wa mto: mvua ikipiga mlimani, maji yanakufikia ilhali kwako hakuna hata wingu. Na maji, jamani. Bebeni maji. Sisi wa mjini tunadhani kiu ni jambo la kununua soda.

Februari hii nilirudi na lita saba na mwongozaji, nikatembea njia ile ile nikaimaliza, chupa moja haijafunguliwa. Wale wawili niliwaalika. Hawakujibu.

Eh, viatu. Vya kufunika vidole, vilivyokwisha kuzoea mguu, kwa sababu ya miiba. Mwongozaji wangu lakini alivaa malapa ya tairi, na njia nzima nilikuwa nikimwona kisogo.