Miaka Miwili kwenye Lebo Moja

SWALI: Ndugu Mhariri, nina chupa ya mvinyo wa Porto, ule mtamu wa Ureno, iliyoandikwa Colheita 1997. Kwenye lebo ya nyuma imeandikwa kwamba mvinyo ulitiwa chupani mwaka 2016. Je, hii ndiyo Vintage? Nikiilaza miaka kumi zaidi, itazidi kunoga?

JIBU: Si Vintage, na tafadhali usiilaze. Zote mbili hutokana na mavuno ya mwaka mmoja, ila Vintage hutiwa chupani mwaka wa pili au wa tatu baada ya mavuno, ikakomalia humo bila hewa. Colheita kwa kanuni za Ureno lazima ikae ndani ya pipa la mbao angalau miaka saba. Yako imekaa kama 19.

Kazi yote imefanywa na pipa. Hewa kidogo hupenya mbao, wekundu unafifia kuwa kahawia, na ladha ya tunda bichi inageuka kuwa ya tini kavu, njugu na sukari iliyoungua. Mapipa huwa makuukuu, ya lita 550 hivi, kwa sababu mbao mpya zingeutia mvinyo ladha yake. Kila mwaka takriban asilimia 2 hupotea kama mvuke. Kwa miaka 19, pipa lisilojaziwa lingebaki na kama lita 375. Ndiyo maana mtunzaji hulijazia, kwa mvinyo wa mavuno yale yale tu. Akizembea, hewa inazidi na harufu ya siki inaanza.

Kwa hiyo unaponunua, soma mwaka wa kutiwa chupani kwa makini kama unavyosoma ule wa mavuno. Colheita ya 1997 iliyotiwa chupani 2007 na hii yako ni mvinyo mbili tofauti kabisa. (Chupa iliyoandikwa "miaka 20" bila mwaka wa mavuno ni mchanganyiko wa miaka mbalimbali.)

Chupani haiongezeki ubora. Polepole hupoteza uchangamfu wake. Isimamishe wima, mahali penye giza na baridi: kizibo chake kwa kawaida ni kifupi chenye kofia, na pombe ya asilimia 20 hivi ikikigusa muda wote hukichakaza, chupa ikavuja. Inywe ikiwa na nyuzi 12 hadi 16 za Selsiasi. Haihitaji kuchujwa, mashapo yalibaki pipani. Ukishaifungua, itunze kwenye jokofu. Itadumu wiki kadhaa, ilhali Vintage huharibika ndani ya siku chache.

SWALI: Utamu wake ni wa sukari ya kuongezwa?

JIBU: Hapana, ni wa zabibu zenyewe. Juisi ikichacha siku mbili tatu, humiminiwa pombe kali ya zabibu ya asilimia 77, takriban lita 115 kwa lita 435 za juisi. Hamira inakufa kabla haijaimaliza sukari. Ikimiminwa mapema mno, mvinyo unakuwa mtamu wa kukinaisha, ikichelewa, unakosa utamu.