Kabla Hujapiga Kura Berlin, Soma Kwanza Historia ya Jimbo Lako

Barua ya kunijulisha kwamba nimo katika daftari la wapiga kura ilinifikia kwa mara ya kwanza mwaka 2013, muda mfupi baada ya kupata uraia wa Ujerumani, nami nikaiegemeza kwenye chupa ya chai mezani kana kwamba ni cheti cha kuhitimu. Nilikuwa nimeishi Kreuzberg, mtaa wa Berlin, kwa miaka mingi bila kupiga kura hata ya udiwani, kwa kuwa mgeni anayetoka nje ya Umoja wa Ulaya hana haki hiyo hapa, na nilidhani kwamba kazi iliyobaki ni kufika kituoni nikiwa na kitambulisho. Tarehe 22 Septemba nikafika. Karatasi ilikuwa sahihi, kalamu ilikuwa sahihi, na kura nikaikosea.

Karatasi ya kura ya Bunge la Shirikisho, yaani Bundestag, ina safu mbili. Kushoto, kwa wino mweusi, yamepangwa majina ya wagombea wa jimbo lako, na hapo ndipo unapopiga Erststimme, kura ya kwanza. Kulia, kwa wino wa buluu, zimepangwa orodha za vyama, na hapo unapiga Zweitstimme, kura ya pili. Mimi niliyekulia Tanga, ambako anayeongoza jimboni ndiye mbunge na habari imekwisha, nilizisoma namba hizo kama mtu anayegawa zawadi ya mshindi wa kwanza na wa pili. Kura ya kwanza nikampa mgombea wa chama nilichokitaka hasa, na ya pili nikaitupia chama kidogo ambacho kipeperushi chake kilinifurahisha asubuhi ile. Chama hicho hakikufikisha asilimia 5 zinazotakiwa ili kuingia bungeni. Mwaka huo zaidi ya asilimia 15 za kura za pili nchini kote ziliangukia vyama vilivyobaki nje, na yangu ilikuwa miongoni mwake, ilhali kura ya pili ndiyo inayoamua kila chama kitapata viti vingapi. Mfumo huu wa kura mbili umekuwapo tangu 1953. Hakuna aliyenidanganya, sikuuliza.

Naandika haya kwa sababu sheria ya uraia iliyoanza kutumika tarehe 27 Juni 2024 imeruhusu uraia pacha kwa upande wa Ujerumani na kupunguza muda wa kusubiri hadi miaka mitano, na wapo wasemaji wa Kiswahili, hasa Wakenya ambao sheria ya kwao nayo inaruhusu, watakaoshika karatasi ile kwa mara ya kwanza katika uchaguzi ujao. Kwanza tuelewane juu ya neno. Redio zetu huita Bavaria au Saksonia "jimbo", na eneo la ubunge pia ni "jimbo". Hapa chini nikisema jimbo nakusudia eneo la ubunge, Wahlkreis, ambayo nchi nzima yako 299.

Ushauri wangu ni kwamba usianze na ilani za vyama, bali anza na mipaka. Jimbo langu linaitwa Berlin-Friedrichshain-Kreuzberg – Prenzlauer Berg Ost, jina refu kama treni ya mizigo, na kila behewa lina sababu yake. Friedrichshain ilikuwa Berlin Mashariki, Kreuzberg ilikuwa Magharibi, na kati yao unapita mto Spree na hapo zamani ukuta. Daraja la Oberbaum linaloziunganisha lilifunguliwa upya kwa magari mwaka 1994, na tarehe 1 Januari 2001 wilaya hizo mbili zikaunganishwa kuwa moja, jambo ambalo baadhi ya vijana wa pande zote mbili walilipokea kwa kukutana darajani kurushiana mboga zilizooza na mayai, kwa mzaha, ingawa anayefua nguo hizo haoni mzaha wowote. Uchaguzi wa 2002 ulipokaribia, idadi ya majimbo nchini ilipunguzwa kutoka 328 hadi 299, na ndipo jimbo hili lilipozaliwa.

Ule mkia wa "Prenzlauer Berg Ost" ulinisumbua kwa muda, kwa sababu eneo hilo kiutawala ni la wilaya nyingine, Pankow. Jibu liko katika sheria ya uchaguzi: majimbo yanapaswa kukaribiana kwa idadi ya watu, tofauti na wastani isizidi asilimia 15, na ikizidi 25 ni lazima mipaka ichorwe upya, lakini katika hesabu hiyo wageni hawahesabiwi, kwa hiyo mahali penye wageni wengi huhitaji eneo zaidi ili kufikisha idadi. Sasa fikiria Kreuzberg, mtaa uliojaa familia za wafanyakazi waliokuja baada ya mkataba wa kazi na Uturuki wa 1961. Kwa maoni yangu haiwezekani kuuelewa ule mkia bila kukumbuka watu hao wanaolipa kodi ya nyumba na ushuru katika jimbo ambalo kwa hesabu zake hawamo. Mimi mwenyewe nilikuwa mmoja wao kwa miaka mingi, na nakiri kwamba nilipoisoma ibara ile niliifunga kompyuta nikatoka nje kutembea kidogo.

Baada ya mipaka, uliza watu wa hapo walipigaje kura kabla jimbo halijakuwapo. Wazee wa Kreuzberg walikuwa hawamchagui mbunge wao moja kwa moja: kwa kuwa Berlin Magharibi ilikuwa chini ya mamlaka ya mataifa yaliyoshinda vita, wabunge wake, kwa miaka mingi 22, waliteuliwa na baraza la jiji, nao hawakuwa na kura kamili bungeni. Wazee wa Friedrichshain, ng'ambo ya mto, waliletewa orodha moja tu ya kuikubali. Hivyo tarehe 2 Desemba 1990 pande zote mbili zilichagua wabunge wa Bundestag moja kwa moja kwa mara ya kwanza, kila moja katika jimbo tofauti: Kreuzberg ikiwa pamoja na Schöneberg, na Friedrichshain pamoja na Lichtenberg. Mwaka 1994 jimbo la Friedrichshain na Lichtenberg lilimchagua Christa Luft wa PDS, chama kilichorithi kile kilichotawala Ujerumani Mashariki, akiwa mmoja wa washindi wanne wa majimbo wa chama hicho, wote wa Berlin Mashariki.

Wanne hao ni muhimu, na hapa naomba usisome haraka. PDS ilipata asilimia 4.4 tu mwaka ule, chini ya kizingiti, lakini sheria inasema chama kilichoshinda angalau majimbo matatu huingia bungeni kwa uwiano wa kura zake zote za pili hata kama hakikufikisha asilimia 5. Mwaka 2002 PDS ilishuka hadi asilimia 4.0, ikashinda majimbo mawili ya Berlin, na ilihitaji moja zaidi. Mojawapo ya majimbo iliyokuwa ikiyatumainia ni hili letu jipya.

Aliyeizuia PDS hapo ni Hans-Christian Ströbele, wakili wa chama cha Kijani aliyepinga vita vya Kosovo na vya Afghanistan wakati waziri wa mambo ya nje, Joschka Fischer, alikuwa wa chama chake mwenyewe. Wenzake walimnyima nafasi ya kutumainika kwenye orodha ya chama, kwa hiyo njia pekee iliyobaki ilikuwa kulishinda jimbo, jambo ambalo hakuna Mkijani aliyewahi kulifanya popote nchini. Akazunguka mitaa kwa baiskeli na kauli mbiu ambayo kwa Kijerumani ina vina: kumchagua Ströbele ni kumtesa Fischer. Akashinda kwa asilimia 31.6. PDS ikabaki na wabunge wawili tu waliokaa peke yao, bila orodha. Ströbele akarudi kwa asilimia 43.3 mwaka 2005, karibu 47 mwaka 2009 na 39.9 mwaka 2013, kila mara akipata kura nyingi kuliko chama chake katika jimbo lile lile.

Hiyo tofauti kati ya mtu na chama nilikuja kuishika kwa mikono. Mwaka 2017 nilijitolea kuwa msimamizi wa kituo, kazi ambayo raia yeyote mwenye haki ya kupiga kura anaweza kuiomba, nayo ina posho ndogo ya viburudisho, na nakushauri uifanye angalau mara moja kabla hujaanza kutoa maoni kuhusu siasa za nchi hii. Saa kumi na mbili jioni upigaji kura hufungwa lakini mlango wa chumba hubaki wazi, kwa kuwa kuhesabu ni jambo la hadhara. Sanduku humwagwa juu ya meza, karatasi zikakunjuliwa, halafu zikatengwa mafungu: fungu la waliotoa kura zote mbili kwa chama kimoja, fungu la waliozigawa au kutumia moja tu, fungu la karatasi tupu, na pembeni zile zenye utata ambazo kituo kizima huziamua moja baada ya nyingine. Fungu la pili lilikuwa nene kuliko nilivyotarajia. Yule mama aliyekaa mkabala nami, aliyefanya kazi hiyo tangu zamani, aliligonga kwa kidole akasema kwamba enzi za Ströbele lilikuwa nene zaidi. Jioni ile Ströbele alikuwa amestaafu. Canan Bayram, mwanasheria aliyezaliwa Uturuki, alilibakiza jimbo kwa Kijani kwa asilimia 26.3 dhidi ya 24.9 za Pascal Meiser wa Die Linke, chama kilichotokana na PDS, na miongoni mwa majimbo 299 hilo lilikuwa bado ndilo pekee la Kijani. Miaka minne baadaye yalikuwa 16.

Ya 2021 nitayapitia kwa haraka, maana yamesemwa sana. Tarehe 26 Septemba Berlin ilipanga kwa siku moja uchaguzi wa Bundestag, wa baraza la jiji, wa wilaya, kura ya maoni kuhusu kutaifisha makampuni makubwa ya nyumba, na juu ya hayo mbio za marathoni zilizofunga barabara. Karatasi zilikwisha katika vituo kadhaa, na nyingine zilipelekwa wilaya isiyohusika. Kituo changu kilikuwa na foleni iliyopinda kona ya jengo, na mimi nilisimama nyuma ya kijana aliyekuwa akisoma makadirio ya matokeo kwenye simu huku akiwa bado hajapiga kura. Desemba 2023 Mahakama ya Katiba iliamuru kura ya Bundestag irudiwe katika vituo 455 kati ya 2,256 vya Berlin, nayo ikarudiwa tarehe 11 Februari 2024. Kumbuka kwamba Die Linke mwaka 2021 ilipata asilimia 4.9 na majimbo matatu, mawili kati yake ya Berlin: wabunge 39 walikuwa wamesimama juu ya kanuni ile ile iliyoiangusha PDS mwaka 2002.

Ukianza kusoma matokeo ya jimbo lako, ambayo hutolewa bure na msimamizi mkuu wa uchaguzi wa shirikisho hadi ngazi ya kituo, jihadhari na mambo mawili. Namba ya jimbo hubadilika: letu lilikuwa 83 mwaka 2021, likawa 82 mwaka 2025 bila kuhama hata nyumba moja mtaani kwangu, kwa hiyo fuata jina na ramani. Tena usilinganishe kituo cha jirani mwaka hadi mwaka ukadhani umegundua siri ya mtaa, kwa kuwa kura za posta huhesabiwa mbali, na mwaka 2021 zilikuwa asilimia 47.3 za kura zote nchini.

Kura ya kwanza nayo si ile ya zamani. Kwa marekebisho ya 2023 Bundestag imewekewa ukomo wa viti 630, na mshindi wa jimbo hupata kiti iwapo tu kura za pili za chama chake zinakitosheleza. Februari 2025 washindi 23 wa majimbo walibaki nje ya bunge. Katika jimbo letu Bayram hakugombea tena, na Meiser, aliyekosa kidogo mwaka 2017, alishinda na kiti akakipata.

Siku hiyo niliingia kibandani, nikaweka alama ya buluu kwanza, kisha nyeusi.