Maswali na Majibu: Ukurasa Gani?

Barua za wiki hii karibu zote ni za mwandishi Salman Rushdie na The Satanic Verses, kitabu chake cha mwaka 1988 ambacho Waislamu wengi wanasema kinatukana dini yao. Haya.

Kwa nini unamtetea mtu aliyetukana dini yetu? (Nkuhungu)
Swali hili nalijibu kwa mara ya nne, na sijampata muulizaji aliyekisoma. Juzi kwenye kijiwe cha kahawa Majengo jamaa alikuwa anawaka kwelikweli, kashata mkononi. Nikamuuliza, ukurasa gani umekukera? Akanisogezea simu ya kioo kilichopasuka: picha ya jalada, basi. Ana mwenzake. Kijana aliyemchoma Rushdie kisu kule Chautauqua, New York, Agosti 2022, hata jicho moja likapofuka, aliliambia gazeti kwamba alikuwa amesoma kama kurasa mbili. Umekereka? Andika. Washairi wa zamani akina Muyaka walishambuliana kwa beti pale Mombasa, na aliyezidiwa alirudi na beti kali zaidi.

Fatwa ya Khomeini ilitoka lini? (Mwanafunzi, UDOM)
14 Februari 1989, kiongozi huyo wa Iran alipoagiza Rushdie auawe. Maktaba mnayo, mwanangu.

Mfasiri naye ana kosa gani? (Kondoa)
Hana. Lakini Julai 1991 Hitoshi Igarashi, aliyekitafsiri kitabu kwa Kijapani, aliuawa Japani, na siku chache kabla yake Ettore Capriolo, mfasiri wa Kiitaliano, alichomwa kisu akapona. Watu walioshika kamusi tu!

Sheria zetu si zinakataza kashfa? (Area C)
Soma zote, usichague. Katiba ya Tanzania ya 1977, ibara ya 18, inalinda maoni. Ya 19 inalinda imani. Kifungu cha 129 cha Kanuni ya Adhabu kinamshika anayekusudia kuumiza hisia za dini za mwenzake. Kukusudia huko kunathibitishwa mahakamani kwa ushahidi, si kwa kelele za kijiweni. Na wewe unayesambaza vipande vilivyokatwa ili watu wapandwe hasira, kifungu hicho hicho kinaweza kukufikia.

Mbona sisi Wakristo hatuna makelele haya? (Kongwa)
Acha kujisifu, ndugu yangu. Rosa Mistika, riwaya ya Kezilahabi ya 1971, iliwahi kuzuiwa shuleni hapa hapa nchini. Haikumgusa mtume yeyote. Ilisimulia binti aliyelelewa kwa kipigo, akaharibikiwa. Baadaye ikarudi madarasani, na wanafunzi wakaulizwa maswali ya mtihani juu yake.

Naomba PDF ya hicho kitabu. (Ipagala)
Sina. Na wewe ndiye uliyeniandikia mwezi uliopita kwamba kichomwe moto.