Muulize Fundi: Povu la Kung'aa Chini ya Bati

SWALI: Fundi, shikamoo. Nimeezeka nyumba Nzuguni kwa bati la geji 30, dari bado. Kuanzia saa sita mchana ndani hakukaliki. Dukani nimeonyeshwa roli mbili za povu la milimita 5, zote zina karatasi ya kung'aa upande mmoja. Moja bei yake inakaribia mara mbili ya nyingine. Muuzaji anasema hiyo ni “krosilinki”. Kuna tofauti kweli, au naibiwa? Na upande wa kung'aa unaangalia wapi?
— Mama wa watoto watatu, Nzuguni, Dodoma

JIBU: Marahaba, mwanangu. Tofauti ipo, na unaweza kuiona mwenyewe. Muombe muuzaji kipande cha kila roli, ukate kwa wembe, utazame pale ulipokata. Povu la bei rahisi lina vitundu vikubwa unavyoweza kuvihesabu, ndugu wa lile linalofungiwa televisheni mpya. Krosilinki ina vitundu vidogo sana, laini kama ndani ya mkate wa boflo. Libonyeze kwa kidole gumba: la kwanza linabaki na shimo, la pili linainuka.

Yote mawili ni poliethilini, plastiki ileile ya mifuko tuliyokatazwa kubebea vitu tangu Juni 1, 2019. Povu la kawaida linaumuliwa kwa gesi plastiki ikiwa imeyeyuka, halafu inapoa, basi. Krosilinki ina hatua ya ziada. Plastiki inachanganywa na unga unaoitwa azodikabonamaidi, inatandazwa kama chapati ikiwa bado haijaumuka, kisha inapigwa miale ya elektroni. (Viwanda vingine hutumia dawa ya peroksidi badala ya miale.) Hapo nyuzi za plastiki, ambazo zilikuwa zimelala tu kila mmoja peke yake, zinafungwa mafundo kama wavu. Ndipo chapati inaingia kwenye tanuri la nyuzi joto 200 hivi. Ule unga unatoa gesi, nyingi yake naitrojeni, na shiti linavimba kila upande kama andazi kwenye mafuta. Kwa sababu ya mafundo, vitundu havipasuki wala haviungani. Bati la Dodoma mwezi wa kumi linavuka nyuzi 60 bila shida, na povu lenye mafundo linavumilia joto hilo miaka mingi bila kusinyaa.

Ila nisikudanganye: milimita 5 za povu peke yake si kinga kubwa. Tembe la bibi yangu kule Bahi lilikuwa na udongo juu ya miti, mzito, na mchana ulilala ndani ukajifunika. Hapa kazi kubwa inafanywa na ile karatasi ya kung'aa, yaani alumini, nayo inataka hewa mbele yake. Tazama ndani ya chupa ya chai: kuna vioo viwili, kimoja ndani ya kingine, vinang'aa lakini havigusani.

Hilo nililijua kwa hasara. Nyumba moja ya Mkonze nililaza povu juu ya papi (zile mbao zinazopigiliwa bati), ng'aa juu, nikapigilia bati moja kwa moja. Mwenye nyumba akanipigia simu baada ya wiki mbili: “Fundi, umeniuzia urembo.” Alisema kweli. Ng'aa ilikuwa imebanwa na bati, na kila msumari ulikuwa umelibonda povu likawa karatasi. Nilirudia kazi kwa pesa yangu.

Wewe umeshaezeka, kwa hiyo una bahati. Lipigilie kutokea chini, kwenye tumbo la papi, ili ibaki nafasi ya inchi 2 kati yake na bati. Ng'aa iangalie chini. Wengi wanabisha hapa, lakini ikiangalia juu, vumbi letu linaifunika kwa msimu mmoja na kazi inakwisha. Ikiangalia chini inabaki safi, na alumini ni bahili: hata ikipata joto haikutemei wewe. Maungio yapishane kidogo, uyazibe kwa tepu ya alumini.

Nunua lile lenye dawa ya kuzuia moto, uliza kabisa, maana poliethilini inawaka. Jikoni kwa mkaa au kuni usiliache wazi. Anza kufunga dari huko. Na fundi umeme apitishe nyaya zake kwenye mabomba kabla hujapanda ngazi.