Maswali Yenu ya Ufumaji: Kirimu Imeniishia Katikati ya Lesi

SWALI: Shikamoo bibi. Mimi niko Njombe, baridi ya huku ya mwezi wa sita naamini unaijua. Nimebuni shali yangu mwenyewe ya pembetatu, naanzia shingoni nashuka chini, rangi mbili, damu ya mzee mipira mitatu na kirimu mipira miwili, kila mpira gramu 50. Matuta 50 ya kwanza nimefuma pleni mbele na nyuma nikibadilisha rangi kila tuta, afu chini nikapanga matuta 20 ya lesi ya kirimu tupu. Sasa kirimu imekata nikiwa tuta la kumi la lesi, na dukani wanasema rangi ile haiji tena. Nilijua itatosha kabisa maana lesi ni matuta 20 tu. Nifanyeje? (Msomaji, Njombe)

JIBU: Marahaba mjukuu wangu, pole. Hilo "matuta 20 tu" ndo limekuponza. Kwa wasiofuma, tuta ni mistari miwili, kwenda na kurudi, ukifuma pleni pande zote uzi unainuka mistari mistari kama shamba la viazi la hukohuko Njombe. Sasa shali ya kuanzia shingoni, kama umeifuma ile ya kawaida, inaongeza vitanzi vinne kila tuta, kimoja baada ya kila ukingo na viwili huku na huku kwenye uti wa katikati. Ukianza na vitanzi 9, tuta la kwanza linakupa 13, la 50 linakupa 209, la 70 linakupa 289. Kwahiyo tuta moja la chini linakula uzi wa matuta mengi tu ya juu, na wewe ulikuwa unahesabu matuta kana kwamba yote yanalingana!

Hesabu yake ni nyepesi. Chukua matuta uliyofuma gawa kwa jumla ya matuta ya shali nzima, jibu lizidishe kwa lenyewe, hiyo ndo sehemu ya uzi uliyokwishatumia. Ukiwa tuta la 35 kati ya 70 unajiona umefika nusu, kumbe umetumia robo tu ya uzi. Ukiwa la 50 ndo nusu yenyewe. Yaani yale matuta 20 ya lesi yanakula sawa na 50 yote ya juu. Shali yako kwa jinsi kirimu ilivyokata naiona inataka kama gramu 200, maana yake juu gramu 100, kila rangi 50, na lesi 100. Kirimu ulibakiwa na 50 hivi, ingefikaje?

Cha kufanya, fumua lesi mpaka tuta la 50, usiogope, uzi si unarudi. Kabla ya kuanza tena pitisha uzi mwembamba unaoteleza kwenye vitanzi vyote 209 (hata ule wa kusafishia meno unafaa) uache hapohapo, ukikosea lesi unafumua mpaka pale na hakuna kitanzi kinachokimbia. Halafu lesi ifume kwa damu ya mzee, unayo kama gramu 100 imebaki, ifikishe tuta la 67, kisha matuta matatu ya mwisho na kufunga (kumalizia vitanzi visifumuke) rudia kirimu, hayo yatakula gramu 17 hivi pamoja na kidogo ya kufungia. Mzani wa jikoni uwe karibu, pima kila baada ya matuta matano.

Na mimi hata kama uzi ungetosha nisingekubaliana na mtu anayechanganya rangi ndani ya lesi yenye maua madogo, jicho halijui lifuate matundu au mistari. Ila kuna lesi ya mawimbi, ile wanawake wa visiwa vya Shetland huko Uskoti waliyoweka pembeni ya shali zao za kila siku, katikati pleni tupu na pembeni mawimbi ya rangi rangi, pale mistari inapendeza kwa sababu mawimbi yanaipinda. Ile inarudia kila vitanzi 18, kwahiyo hesabu vizuri kabla hujaivamia. Kwa shali yako chagua lesi inayorudia kila vitanzi 10 na kimoja cha ziada. Kila bawa lako, yaani nusu ya shali upande mmoja wa uti, tuta la 50 lina vitanzi 101 ukiacha vitatu vitatu vya ukingo na kimoja cha uti, inaingia mara kumi bila kubaki, na kila matuta matano bawa linaongezeka vitanzi 10, basi unapata ua jipya kamili.

Rangi ubadilishe upande wa mbele siku zote, ukibadilisha upande wa nyuma vinatokea vidoto vya rangi nyingine mbele na havipendezi. Na usikate uzi kila tuta jamani, upandishe pembeni, ila usiuvute.

SWALI: Bibi, lesi yangu imejikunja yote matundu hayaonekani, uzi ni akriliki. (Msomaji, Nyeri)

JIBU: Lesi ikitoka sindanoni lazima ionekane tambara, inafunguka ikinyooshwa. Ingekuwa sufu ya kondoo ningekwambia loweka dakika 20, usikamue, ikunje kwenye taulo uikandamize, uitandaze kwenye godoro na pini zisizoshika kutu, ikauke. Akriliki maji peke yake haiyasikii. Itandaze na pini hivyohivyo, pitisha pasi ya mvuke juu juu bila kugusa, ikigusa uzi unayeyuka. Jaribu kwanza kwenye kipande kidogo, ukishazidisha mvuke uzi haurudi ulivyokuwa.

SWALI: Ukingo wa chini wa shali unakaza, unapinda kama upinde. (Msomaji, Arusha)

JIBU: Ulifunga kwa kukaza. Fumua ule mstari wa kufunga tu, chukua sindano kubwa zaidi namba mbili, fuma vitanzi viwili pamoja kwa kupitia nyuma, kile ulichopata kirudishe sindano ya kushoto, endelea hivyo mpaka mwisho. Uzi wa kufungia acha kama mara nne ya urefu wa ukingo huo.